Nyekundu Juu ya Karatasi ya Kaki

Niliporudi nyumbani kutoka Nairobi nikiwa na miaka arobaini na moja, begi moja na kompyuta moja, Mama hakuniuliza kilichonirudisha. Alinionyesha kitanda, akanitengea maji ya moto ya kuoga, na kesho yake akawatangazia wanawake wa kikundi chake kwamba mtaalamu wa rangi amefika. Wakati ule sikuwa mtaalamu wa kitu chochote. Ofisi yetu ya kubuni matangazo ilikuwa imepunguza wafanyakazi siku ileile ilipouza viti na mtambo wa kahawa, na mtambo ulipata pa kwenda kabla yangu. Lakini mtu akiwa na mama mwenyekiti, hakosi cheo.

Kikundi kilikuwa cha wanawake thelathini na mmoja, wote wakulima wa kahawa, chini kidogo ya Gatitu, kule Nyeri. Miaka yote walikuwa wakipeleka matunda yao faktari, kile kiwanda cha ushirika cha kumenya kahawa, kama kila mtu, kisha wanarudi nyumbani kunywa chai. Huku kwetu kahawa hainywewi. Kahawa ni ya kulima, kuchuma, kulalamikia na kuuza, na anayekupikia kahawa asubuhi unamuuliza kama maziwa yameisha. Mama ndiye aliyewaambia wenzake kwamba kuna watu duniani wanaoinywa kwa hiari yao, na kwamba badala ya kuwapelekea wengine faida yote, wao wenyewe wakaange sehemu yao, wasage, wafunge kwenye pakiti na kuuza. Alikwenda mwenyewe Nanyuki, akaingia kwenye duka moja ambalo watalii hupitia kabla ya kupanda mlima, akatoka akiwa ameahidiwa rafu moja. Sharti lilikuwa moja tu: pakiti iwe na sura. Iwe na nembo, na nembo iwe na rangi ambayo mtu ataiona akiwa bado mlangoni.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, au nilipoingizwa. Baadhi ya wanawake walitaka kazi ipewe fundi mmoja wa mjini anayechapa mabango ya wanasiasa na programu za mazishi, kazi mbili ambazo hapa kwetu hazikauki. Mama alikataa. Mweka hazina, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kusamehe kosa la hesabu wala la mtu, alimuuliza mbele ya wote, "Chairlady, na ikiharibika?"

"Ikiharibika, kiti yangu mtachukua."

Katibu akaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa kalamu ya buluu, na akayapigia mstari. Nilimwambia Mama njiani kwamba hakuwa na haja ya kusema vile. Akaniambia yeye hajaniomba maoni. Lakini nilijua kile kiti ni nini kwake. Kikundi alikianzisha yeye, na tangu Baba afariki, mikutano ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani mapema, akapaka mafuta, akavaa koti lake zuri na kwenda kuwagombanisha na kuwapatanisha wanawake wenzake kwa saa tatu mfululizo. Kumnyang'anya kiti kile ni kumwacha na mimi peke yangu, adhabu ambayo hakustahili.

Basi tukaanza kuchagua rangi. Kuchagua rangi ya nembo katika kaunti hii ni sawa na kutafuta kiwanja mjini: kila unapopima unaambiwa kina mwenyewe. Nilipendekeza kijani. Wakasema kijani ni ya kampuni ya simu, tena ni ya majani chai, na sisi hatutaki kuchanganywa na watu wa chai. Nikasema njano. Mmoja akasema njano ni ya chama cha siasa na mwaka wa uchaguzi hatutauza hata pakiti moja. Mwingine akasema tutauza mwaka wa uchaguzi tu. Buluu ilikuwa ya kina mama wa kanisa fulani, na ndani ya kikundi kulikuwa na makanisa manne. Zambarau ndiyo ile ya vitambaa wanavyofunga kwenye viti vya mazishi. "Nani atakunywa kahawa ya matanga?" akauliza katibu. Nilipotaja rangi ya chungwa, ya chama kisichopata kura huku kwetu, hakuna aliyenijibu kwa maneno. Walicheka tu, wakapigana mapaja.

"Nyeusi," nikasema, nikiwa nimechoka. "Wazungu wanapenda nyeusi."

"Wazungu pia wanapenda kupanda mlima kwa baridi wakiwa na nyumba nzuri huku chini," akasema mweka hazina. "Hiyo si sababu."

Ikabaki nyekundu. Nyekundu haikuwa na ugomvi, kwa sababu ndiyo rangi ya tunda la kahawa lililoiva, na wanawake wale walikuwa wameishi maisha yao yote chini ya rangi hiyo. Ukifika faktari na matunda ya kijani, karani anakurudisha. Ukifika na yaliyoiva kupita kiasi, yakawa meusi, anakurudisha vilevile. Unamwaga mzigo wako juu ya gunia mbele ya majirani, unakaa chini, unachagua moja moja mpaka gunia zima liwe jekundu. Kwa hiyo niliposema nyekundu, walikubali kwa sauti moja, na mimi nikaringa kana kwamba nimeivumbua.

Kosa la kwanza nililifanya jioni ileile. Nilitengeneza nyekundu saba kwenye kompyuta, nikazipa namba, nikazituma kwenye grupu ya simu ya kikundi ili wapige kura. Jambo hili hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakatazwa. Rangi ya kwenye kioo ni taa, na kila kioo kina taa yake. Mmoja alikuwa amefifisha mwanga wa simu ili chaji ifike Jumapili. Mwingine kioo chake kilikuwa kimepasuka, kikashikiliwa na utepe wa gundi ambao ulishageuka manjano. Wa tatu mjukuu wake alikuwa amewasha ile njia ya kulinda macho, kwa hiyo dunia yote ilikuwa inamjia kama mchuzi wa bizari. Mama aliketi nami mezani, simu mkononi, akaniuliza, "Wengi wanasema ngapi?"

"Nne."

"Basi na mimi nne."

Ilishinda namba nne, kwa kura zote. Nilifurahi kijinga. Wanawake thelathini na mmoja wa Nyeri kukubaliana jambo ni kitu ambacho hata makanisani hakijaonekana, na sikujiuliza kwa nini kimeonekana kwangu. Walikuwa wamekubaliana namba. Rangi kila mmoja alikuwa na yake.

Kosa la pili lilikuwa la majivuno, na hili silisemi kwa kujificha. Nairobi nilikuwa nimeona maduka ambako kikombe cha kahawa kinauzwa bei ya kuku, na kahawa yenyewe inakaa kwenye pakiti za karatasi ya kaki, zimefungwa kwa kamba ya katani, zinaonekana za kimaskini kabisa. Matajiri wanapenda sana vitu vya kimaskini vikiwa ghali. Nikawaambia wanawake kwamba kaki ndiyo mtindo. Wakaniambia kaki ni ya kufungia misumari. Nikawaeleza habari za soko, za wateja wa tabaka fulani, nikatumia maneno ambayo sikuyaelewa hata nilipokuwa nikiyasikia ofisini, na mwishowe wakaniachia. Nilichapa sampuli nyumbani kwa printa yangu, kwenye karatasi nyeupe ya ofisi. Tunda moja la kahawa na majani yake mawili, jekundu, zuri. Likapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na hata mweka hazina akasema, "Haya." Kwa mtu kama yeye, hiyo ni nderemo.

Pakiti zenyewe zilichapwa kwenye karakana moja Kerugoya. Fundi alinipigia simu kabla ya kuwasha mashine. "Tuweke nyeupe chini kwanza?" akauliza. Nilimwelewa vizuri sana. Wino wa kuchapa hauzibi kama rangi ya kupaka ukutani. Kilicho chini kinaonekana. Ukitaka nyekundu ikae nyekundu juu ya kaki, unapiga kwanza nyeupe, inakauka, ndipo unapiga nyekundu juu yake. Lakini ingechukua siku zaidi, na mimi nilikuwa nimeshaahidi siku. Tena nilikuwa na haraka ya kuonekana nimerudi kwenye kazi.

"Piga tu," nikamwambia.

Nilipokwenda kuchukua maboksi nilifungua moja palepale mlangoni. Lile tunda langu jekundu lilikuwa limegeuka rangi ya maini yaliyochemshwa. Fundi alikuwa amesimama karibu, anapangusa mikono kwa kitambaa. Nilifungua la pili, nikafungua la tatu, kana kwamba kwenye boksi la tatu nitakuta miujiza. Yalikuwa maini mpaka chini.

Mama alikuwa akinisubiri nyumbani. Alichukua pakiti moja akiwa mlangoni, akaigeuzageuza, akaisogeza karibu na uso, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Imetoka nyekundu?" akauliza.

Mtu anakuuliza rangi ya kitu kilichoko mkononi mwake mchana kweupe. Nilidhani ni yale maswali ya mama, anayouliza akiwa na jibu tayari, ili akupe nafasi ya kukiri mwenyewe. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikakosa ujasiri.

"Nyekundu kabisa, Mama."

"Ya kuiva?"

"Ya kuiva."

Akatabasamu. Akaenda kuiweka pakiti ile kwenye kabati la vioo, karibu na picha ya harusi yao. Mimi nikaenda kulala saa tisa mchana.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye kibanda cha mabati cha kikundi. Asubuhi ile baadhi yao walikuwa wamechuma, na gunia la kuchagulia lilikuwa bado limetandazwa nje na matunda juu yake. Maboksi yalifunguliwa. Wote wakasema kwa pamoja.

"Hii ni logo ama ni maini?"

"Mimi nilipigia kura nyekundu, tena ya kung'aa."

"Yangu kwa simu ilikuwa pinki hivi. Nikasema ni sawa, labda wazungu ndio wanataka."

"Ati hii ndiyo namba nne? Hii si namba nne!"

Kila mmoja alikuwa na haki. Nilisimama kueleza habari za taa na wino na kaki, na nikajikuta nimesema neno "kitaalamu" mara tatu. Sijawahi kuona neno hilo likimwokoa mtu. Mweka hazina alikuwa ameshafungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano, amekilaza magotini kwenye ukurasa wenye mstari wa kalamu ya buluu. Hakusoma. Aliuacha wazi tu.

Ndipo Mama akasimama.

"Mnapiga kelele ya nini? Hii ni nyekundu. Ni nyekundu ya kahawa imeiva. Kama kuna mtu ako na wivu na mtoto yangu, aseme hapa mbele ya watu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua anasema uongo kwa ajili yangu, na kila mtu pale alijua, na nilichukia kwamba anajivunjia heshima waziwazi hivyo. Nikainama kurudisha pakiti kwenye boksi.

"Chairlady," akasema mweka hazina taratibu, "sisi si watoto. Usitudanganye mchana."

"Nani anadanganya?"

Mweka hazina akatoka nje. Akarudi na konzi ya matunda kutoka kwenye lile gunia, yaliyochanganyika: mabichi, mabivu, na yale yaliyopita mpaka yakawa meusi. Akayamwaga mezani mbele ya Mama. Alifanya hivyo kumwaibisha, na mwenyewe alikuja kuniambia baadaye kwamba ndiyo ilikuwa nia yake. Kwa mkulima wa kahawa, kupewa matunda uyachague mbele ya wenzako ni kuitwa mzembe.

"Hebu tuonyeshe hiyo imeiva. Ile iko na rangi kama ya hii karatasi."

Mama akapeleka mkono kwa haraka, akashika tunda, akalifinya. Akaliacha. Akafinya lingine.

"Usifinye," akasema mweka hazina. "Angalia tu."

Mkono wa Mama ukasimama hewani. Aliinama, akasogeza uso karibu na meza, karibu zaidi ya inavyohitajika. Kisha akanyanyua tunda moja na kuliinua juu ili watu wote walione, kidevu chake kikiwa juu pia.

"Si ni hii."

Lilikuwa jeusi. Lilikuwa limeanza hata kukauka kwa upande mmoja.

Hakuna aliyecheka. Mweka hazina alimtazama Mama, akatazama tunda, na niliona uso wake ukibadilika. Akafunga kitabu. Akazunguka meza, akaketi kwenye benchi kando yake, akamshika ule mkono wenye tunda akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Huoni."

"Naona." Mama bado alikuwa anapigana. Kisha sauti ikapungua. "Kuna moshi kidogo tu. Si kila mtu wa umri yetu ako na moshi?"

Mkutano uliishia pale. Habari ya kiti haikuguswa. Katibu aliandika kwamba itajadiliwa siku nyingine, na wanawake wakamsindikiza Mama nyumbani huku wawili wamemshika mikono, jambo lililomkasirisha kuliko yote.

Nilitembea nyuma yao nikibeba maboksi ya maini, na njia nzima nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka karani wa faktari aliyemrudishia matunda mara mbili msimu ule, naye akarudi nyumbani akisema yule kijana anamchukia, nami nikaunga mkono kwamba makarani wote ni wapumbavu. Nilikumbuka chai iliyokuwa ikifurika kikombeni. Nilikumbuka anavyonyamaza jirani akipita mpaka jirani asalimie kwanza, ndipo anamtaja kwa jina. Nilikuwa nimekaa naye miezi minane. Nilikuwa mtu wa kulipwa kwa macho, mtu anayeweza kukuambia bango la barabarani limezidiwa na njano kiasi gani, na kila jioni nilikula nikitazamana na mama yangu bila kumwona. Niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Hospitalini daktari kijana alimmulika, akaniita nichungulie. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limekomaa hata kiini chake kimekuwa na rangi ya chai ya turungi iliyokolea. "Amekuwa akitazama kila kitu kupitia hii," akasema. Walimfanyia upasuaji jicho moja kwanza.

Bandeji ilipotolewa, cha kwanza alichotazama ni koti la daktari, akamwambia lina doa. Tulipotoka nje akasimama uwanjani na kuinua uso. "Hii buluu yote ilikuwa wapi?" akauliza, kwa sauti ya kudai, kana kwamba kuna mtu wa kaunti aliyekuwa ameificha. Tulipofika nyumbani furaha iliisha. Aliona kuta za jikoni. Aliona sufuria. Aliona pazia ambalo alikuwa akiniambia ni safi.

"Wanawake wote wa kikundi wamekunywa chai hapa? Na nyumba iko hivi? Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

Daktari alikuwa amemkataza kuinama. Kwa hiyo mimi niliinama na yeye akaelekeza, siku mbili nzima. Siku ya tatu alifungua kabati la vioo, akatoa ile pakiti, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama.

"Ngai, Mungu wangu," akasema.

Kwenye mkutano uliofuata alifika amevaa miwani mikubwa myeusi ya hospitali, na kwa kweli alionekana kama mwanamuziki wa bendi aliyestaafu. Hakusubiri ajenda. "Nilisema ikiharibika mchukue kiti," akasema. "Imeharibika. Hata mimi sasa naona."

"Wacha hiyo maneno, chairlady," wakamwambia kutoka pande zote. "Ulikuwa mgonjwa."

"Kiti ya huruma sitaki."

Alisema vile na alimaanisha. Walibishana naye, wakambembeleza, mmoja akataka waombe kwanza, na mwishowe wakapiga kura kwa mikono na mweka hazina akawa mwenyekiti. Kwenye kibanda kile watu wote hukaa kwenye mabenchi; mwenyekiti peke yake ana kiti cha plastiki chenye mikono. Mama akainuka kwenye kiti kile, akakipangusa kwa kiganja, akaenda kukaa kwenye benchi katikati ya wengine. Aliweka mikono yake mapajani, akaiondoa, akairudisha. Sikuweza kumtazama. Niliinamia viatu vyangu.

Uamuzi wa kwanza wa mwenyekiti mpya ulikuwa kuhusu pakiti. Duka la Nanyuki lilikuwa limekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Zitakuwa nyeupe, na hakuna mtu kuchagulia rangi kwenye simu tena. Mtu ataenda na mimi kwa mchapaji, asimame pale mpaka rangi itoke. "Na atakwenda huyu," akasema akimwelekezea Mama kidole. "Hapa ndani yeye ndiye ako na macho mpya."

Tulikwenda Majengo, mtaa wa mjini nyuma ya msikiti, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na mashine nzito iliyolishwa karatasi kwa mkono. Nilikuwa nimemletea namba za rangi nimeziandika vizuri. Hakuzitazama. "Mmekuja na kitu chenyewe?" akauliza. Mama akafungua leso yake na kutoa matunda matano ya kahawa aliyoyachuma asubuhi ile kwa mkono wake. Mzee akaridhika. Akachota wino kwa kisu, akauchanganya juu ya kioo, akaongeza njano kidogo sana, akapiga karatasi moja, akatoka nayo nje.

"Juani, mama. Ndani humu rangi zote zinadanganya."

Mama alivua ile miwani myeusi, akaweka tunda kando ya karatasi. "Hapana. Hii ni ya juzi." Mzee akarudi ndani. Ya pili ilikuwa changa. Ya tatu akaisema vibaya hata nikamwonea huruma mzee wa watu, lakini yeye alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa hajapata mteja wa namna ile kwa miaka mingi.

Tukakaa kwenye benchi nje wakati mzee anasafisha mashine. Nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka kwa wiki kadhaa.

"Mama, pole kwa sababu ya kiti. Siku ile ungewaacha tu waniseme. Haikuwa lazima unitetee."

Akanigeukia, ile miwani ikiwa imerudi usoni. "Nikutetee?"

"Uliposimama ukasema ni nyekundu."

"Mimi sikuwa naona, baba. Nilikuuliza kwa mlango. Nilikuuliza mara mbili. Ukaniambia ni nyekundu ya kuiva. Nikaenda nikawaambia venye uliniambia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kulikuwa na mbuzi wawili wamefungwa upande wa pili wa barabara, nikawatazama wale mbuzi mpaka macho yakaniuma.

Mzee akatoka na karatasi ya nne, bado mbichi, ameishika kwa pembe. Mama akaipokea, akaiweka juani juu ya benchi katikati yetu, akaweka tunda kando yake. Akavua miwani, akatazama kimoja, akatazama kingine. Kisha akanisogezea.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Nilitazama tunda, nikatazama karatasi. Ilikuwa imekaribia sana, na mtu mwingine yeyote angeipitisha.

"Bado, Mama," nikasema. "Iko giza kidogo."

Akaichukua, akamrudishia mzee.